Hesabu za Malaria na Chandarua cha Jirani

Katibu wa chama cha msingi aliyewahi kushika daftari la mikopo anaijua tabia ya deni lenye riba. Likiachwa bila kulipwa huzaa, na kile kilichozaliwa nacho huzaa, hata mwenye deni akashangaa mwisho wa msimu kuona limepita thamani ya mavuno yake. Likilipwa kidogo zaidi ya riba yake kila mwezi, deni lile lile hupungua mpaka likaisha. Tofauti kati ya hali hizo mbili yaweza kuwa shilingi chache tu.

Magonjwa ya kuambukiza yana tabia ya namna hiyo hiyo. Mgonjwa mmoja akiambukiza watu wawili, na kila mmoja wa hao akaambukiza wawili wengine, ugonjwa hukua kama deni lisilolipwa. Akiambukiza pungufu ya mtu mmoja kwa wastani, ugonjwa hufifia wenyewe hata kama haukung'olewa kila mahali. Kwa zaidi ya miaka 100 wataalamu wamekuwa wakiandika hesabu za mambo haya ili kujua ni kiasi gani cha kinga kinatosha kuuvusha ugonjwa kutoka upande mmoja wa mstari huo hadi wa pili. Hesabu hizo huitwa modeli. Baadhi yake zilizaliwa kwa ajili ya malaria, na zimewahi kubadili hata namna vyandarua vinavyogawiwa hapa Tanzania.

Katika Wilaya ya Rungwe hesabu hizo zina maana ya pekee kutokana na umbo la nchi. Igogwe na vijiji jirani viko nyanda za juu, penye baridi, mvua nyingi, migomba, chai na viazi. Anayepanda basi kuelekea kusini hupita Tukuyu, iliyo zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka mpaka Kyela penye mpunga na kakao, kando ya Ziwa Nyasa ambalo uso wake haufiki meta 500. Ni safari ya saa chache, lakini abiria huvua koti njiani. Huko bondeni malaria haikauki mwaka mzima. Huku juu huja kwa vipindi, na ijapo hupiga hata watu wazima wenye nguvu zao, kwa sababu hawakuijenga kinga ya mwili ambayo mkazi wa bondeni huipata kwa kuugua mara nyingi tangu utoto.

Wazee huieleza tofauti hiyo kwa kusema kwamba mbu haipendi baridi. Kauli hiyo ina kweli ndani yake, lakini haitoshi, kwani mbu hupatikana hata kwenye nyanda za juu. Yafaa kutazama baridi inazuia nini hasa.

MBU MZEE NDIYE MWENYE HATARI

Tarehe 20 Agosti 1897, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Ronald Ross, aliyezaliwa India na kufanya kazi huko, alipasua tumbo la mbu katika mji wa Secunderabad akaona ndani yake vimelea vya malaria. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wengi wanaikumbuka habari hiyo na kuishia hapo. Lakini Ross mwenyewe alikuwa mpenzi wa hesabu, na alipotumwa kisiwani Mauritius mwaka 1907 kuchunguza malaria alianza kuandika hesabu za jinsi ugonjwa unavyopita kati ya watu na mbu. Alizikamilisha zaidi katika toleo la pili la kitabu chake juu ya kuzuia malaria, lililotoka mwaka 1911.

Ross alikuwa akijibu hoja iliyokuwa ikimsumbua. Wapinzani wake walisema kuwa haiwezekani kuua mbu wote, kwa hiyo kupambana na mbu ni kazi bure. Yeye akaonyesha kwa hesabu kwamba hakuna haja ya kuua mbu wote. Kwa kila mahali ipo idadi fulani ya mbu kwa kila mtu ambayo, wakipungua chini yake, malaria haiwezi kujiendeleza. Leo jambo hilo huonekana rahisi, lakini wakati ule halikupokewa kwa urahisi hata na madaktari.

Sababu yake iko katika maisha ya mbu mwenyewe. Mbu jike wa aina ya anofelesi hauma ili apate damu ya kukuzia mayai. Akimuuma mgonjwa wa malaria huingiza vimelea tumboni mwake, lakini hawezi kumwambukiza mtu siku hiyo wala kesho yake. Vimelea vinahitaji siku kadhaa kukua ndani ya mbu mpaka vifike kwenye mate yake. Kwa hiyo, ili malaria ihame kutoka mtu hadi mtu, ni lazima mbu yule yule aume mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili aishi siku za kutosha. Mbu kijana akiuma huwasha tu. Mbu mzee ndiye mwenye hatari.

Sasa joto linaingia katika hesabu. Kwa vimelea vya aina ya falsiparumu, ambavyo ndivyo vinavyosababisha malaria nyingi na kali nchini, iko kanuni ya zamani iliyotokana na utafiti wa Wasovieti na kuchapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1962. Chukua joto la wastani kwa nyuzi za sentigredi, toa 16, kisha gawanya 111 kwa jibu lililobaki. Kinachopatikana ni idadi ya siku ambazo vimelea vinahitaji ndani ya mbu. Joto likiwa nyuzi 25, siku hizo ni 12 na kidogo. Likiwa nyuzi 20, ni 28. Likiwa nyuzi 19, ni 37. Likiwa nyuzi 18, zinazidi 55. Joto likishuka mpaka 16, vimelea havikui kabisa.

Mbu naye haishi sana. Tuseme, kwa mfano, kwamba kati ya mbu 10 walio hai leo, 9 wataiona kesho. Chukua mbu 1,000 walionyonya damu ya wagonjwa usiku mmoja. Kesho wamebaki 900, kesho kutwa 810, mtondo 729, na kuendelea. Penye joto la nyuzi 25, baada ya siku 12 wamebaki 282 walio tayari kuambukiza. Penye nyuzi 20, baada ya siku 28, wamebaki 52. Penye nyuzi 19 wamebaki 20. Penye nyuzi 18 wamebaki 3 tu.

Anayetaka kuhakikisha anaweza kuchukua mashine ndogo ya kuhesabia na kuzidisha 1,000 kwa 0.9 mara 12, kisha mara 28, na kadhalika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Kyela na milima ya Rungwe ikiandikwa kwa tarakimu. Mbu ni wale wale, vimelea ni vile vile, na watu ni ndugu. Kinachotofautiana ni kama mbu anawahi kufa kabla vimelea havijaiva.

Katika tarakimu hizo limo pia jambo la kutia wasiwasi. Kati ya nyuzi 18 na 19 mbu wenye hatari waliongezeka kutoka 3 hadi 20, yaani karibu mara saba, kwa uzi mmoja tu wa joto. Bondeni, uzi mmoja zaidi haubadilishi mambo kiasi hicho. Kwa hiyo mwaka wenye joto na mvua kupita kawaida, ambao mkazi wa Kyela hauoni kuwa wa ajabu, kwa mkazi wa nyanda za juu waweza kuwa mwaka wa mlipuko. Ndivyo ilivyotokea Kabale, katika milima ya kusini magharibi mwa Uganda, mwaka 1998 baada ya mvua za El Niño. Na isisahaulike kwamba joto linalomhusu mbu ni la mahali anapopumzika. Mbu akijibanza kwenye paa la nyumba inayowashwa moto jioni huishi katika hali ya hewa tofauti na ile inayopimwa nje na vituo vya hali ya hewa.

MSAFIRI ANAYERUDI NA HOMA

Wakazi wa nyanda za juu hawakai nyanda za juu siku zote. Hushuka Kyela kununua mchele, hufanya biashara mpaka mpakani Kasumulu, huenda misibani Ipinda na Matema, na vijana hufanya vibarua vya msimu. Baadhi yao hurudi na vimelea mwilini bila kujua, kwani homa kwa kawaida huanza wiki moja mpaka mbili, au zaidi, baada ya kuumwa. Je, msafiri mmoja wa namna hiyo analetea kijiji chake wagonjwa wangapi?

Jibu linategemea ile namba ya uambukizaji iliyotajwa mwanzo, yaani wastani wa watu wanaoambukizwa kutokana na mgonjwa mmoja. Tuseme huku juu namba hiyo ni nusu. Wasafiri 10 wanaorudi na vimelea wataambukiza watu 5, hao 5 wataambukiza wawili au watatu, na hao mmoja hivi, na mambo yataishia hapo. Ukijumlisha wote, wasafiri wakiwamo, unapata wagonjwa 20. Sasa tuseme namba hiyo ni 0.8. Wasafiri 10 wale wale watazaa jumla ya wagonjwa 50. Ikiwa 0.9, jumla ni 100. Ikipita 1, jumla haina mwisho mpaka hali ya hewa ibadilike au watu wachukue hatua.

Katika mifano mitatu ya kwanza malaria haikuwa na uwezo wa kujiendesha yenyewe kijijini. Iliendeshwa na wasafiri. Hata hivyo, katika mfano wa tatu daftari la zahanati lingeonyesha wagonjwa 100, na mtu asiyeuliza zaidi angedhani kijiji kizima kimekuwa kama bonde. Ndiyo maana swali la mganga, "Ulisafiri wapi mwezi huu?", ni muhimu sana. Katika hospitali ya nyanda za juu kama ile ya Igogwe, safu moja ya daftari yenye jibu la swali hilo inaweza kutenganisha malaria iliyopandishwa na basi na malaria iliyozaliwa papo hapo. Dawa kwa mgonjwa ni ile ile kwa zote mbili, lakini hatua za kijiji si zile zile. Ya kwanza inadai msafiri alale ndani ya chandarua huko aendako na apimwe upesi arudipo. Ya pili inadai nyumba za kijiji zenyewe zilindwe.

KUFUPISHA MAISHA YA MBU

Baada ya Ross, aliyeziendeleza hesabu hizi zaidi ni George Macdonald, mwalimu katika chuo cha afya na magonjwa ya nchi za joto cha London, ambaye awali alifanya kazi Sierra Leone na India. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1957. Macdonald aliuliza swali ambalo mwanaushirika yeyote angeuliza: shilingi ikiwa ni moja, itumike wapi ili ilete faida kubwa?

Alipanga hesabu yake hivi. Ukipunguza mbu kwa nusu, kwa mfano kwa kufukia madimbwi, uambukizaji unapungua kwa nusu. Ukiwazuia mbu wasiume watu kwa nusu ya mara walizokuwa wakiuma, uambukizaji unabaki robo, kwa sababu mbu lazima aume mara mbili, na nusu ya nusu ni robo. Lakini ukifupisha maisha ya mbu faida ni kubwa zaidi. Rudi kwenye mfano wa mbu 1,000 penye joto la nyuzi 25. Ikiwa badala ya 9 ni 8 kati ya 10 wanaoiona kesho, baada ya siku 12 hawabaki 282 bali 69. Tena hao 69 nao hufa mapema zaidi, kwa hiyo siku walizobakiwa nazo za kuambukiza zinapungua kwa zaidi ya nusu. Ukizidisha yote mawili, uambukizaji unashuka mpaka karibu sehemu moja kati ya tisa. Ndiyo sababu dawa inayopakwa ukutani, mahali mbu anapopumzika baada ya kunyonya damu, ilionekana kuwa silaha kubwa. Hesabu hizo zilikuwa miongoni mwa hoja zilizoutegemeza mpango wa dunia wa kufuta malaria ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1955, ingawa sehemu kubwa ya Afrika ya joto haikuingizwa katika mpango huo.

Afrika Mashariki ilijaribu kwa njia yake. Kuanzia mwaka 1955 mpaka 1959, nyumba za tambarare za Upare kusini na Taveta, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipigwa dawa ya dieldrini chini ya usimamizi wa wataalamu wa taasisi ya malaria iliyokuwa Amani, katika milima ya Usambara. Malaria ilipungua sana na vifo vya watoto vikapungua. Hata hivyo uambukizaji haukukatika kabisa, na dawa iliposimamishwa ugonjwa ulirudi pole pole.

Kuna wanaosema kuwa mambo ya namna hiyo yanathibitisha kwamba hesabu za wataalamu hazina maana. Ukweli ni kinyume chake. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliokadiria namba ya uambukizaji wa malaria katika jamii 121 za Afrika. Mahali pengine namba hiyo ilikuwa karibu na 1, na pengine ilizidi 3,000. Mahali penye namba ya 200, hatua inayokata uambukizaji mpaka sehemu moja kati ya tisa inaiacha namba hiyo kwenye 22, na 22 bado ni kubwa kuliko 1. Hatua ile ile, mahali penye namba ya 5, ingeiacha chini ya 1 na ugonjwa ungefifia. Jambo hili lilionekana wazi zaidi huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, kati ya mwaka 1969 na 1976. Kupiga dawa peke yake kulipunguza uwezo wa mbu wa kuambukiza kwa takriban asilimia 90, lakini idadi ya watu waliokuwa na vimelea ilipungua kwa kama robo tu. Wananchi wa huko hawakuwa wazembe, wala wataalamu. Kiwango cha kuanzia kilikuwa cha juu mno. Hivyo basi kijiji cha nyanda za juu kisijilinganishe na Garki na kukata tamaa. Kinaanzia karibu na mstari, na hatua ya wastani inaweza kukivusha.

CHANDARUA CHA NANI?

Suala linalogusa zaidi mkutano wa kijiji ni la vyandarua, na hapa hesabu muhimu zilifanyiwa Tanzania. Chandarua chenye dawa hufanya kazi mbili. Humzuia mbu asimfikie aliyelala, na humuua au kumdhoofisha anayekigusa. Kazi ya kwanza ni faida ya mwenye chandarua. Kazi ya pili ni faida ya kila mtu aliye karibu, hata asiye na chandarua, kwa sababu mbu aliyekufa nyumbani kwa mmoja hawezi kuzeekea nyumbani kwa mwingine.

Kuanzia mwaka 2004 serikali ilitoa Hati Punguzo ili akina mama wajawazito wapate vyandarua kwa bei nafuu, na juhudi nyingi zilielekezwa kwa mama na mtoto mdogo. Ilikuwa haki, kwani hao ndio wanaokufa zaidi. Lakini watafiti waliokuwa Ifakara, katika bonde la Kilombero, waliandika modeli yao na kuichapisha mwaka 2007, wakiuliza nini kitatokea watu wazima nao wakilala ndani ya vyandarua. Walionyesha kwamba watu wazima na watoto wakubwa ndio wengi kijijini, na ndio wanaowalisha mbu walio wengi. Wakiachwa nje, mbu wanaendelea kula, kuzeeka na kuambukiza. Modeli hiyo ilionyesha kuwa ikiwa kati ya asilimia 35 na 65 ya watu wote, wakubwa kwa wadogo, wanatumia vyandarua vyenye dawa, jamii nzima inapata kinga ya maana, wakiwamo wasio navyo. Baadaye nchi iligawa vyandarua kwa watoto wote chini ya miaka mitano mwaka 2009 na 2010, kisha kwa kila mahali pa kulala mwaka 2010 na 2011.

Mfano mdogo wa kubuni unatosha kuonyesha jinsi jambo hilo linavyofanya kazi. Mbu hula kila baada ya siku 3 hivi. Ili afikishe siku 12 ni lazima ale kama mara 4. Kila mara anaingia nyumba asiyoichagua. Tuseme akikutana na chandarua chenye dawa, mara moja kati ya mbili hufa. Ikiwa mtu mmoja kwa kila watano ndiye mwenye chandarua, yaani takriban watoto wadogo na wajawazito peke yao, basi kati ya kila mbu 100 ambao wangefikia umri wa hatari watafika 66. Ikiwa nusu ya watu wanavyo, watafika 32. Ikiwa wanne kwa kila watano wanavyo, watafika 13. Hizo ndizo hatari zinazomkabili mtu asiye na chandarua kabisa, ambaye hajafanya lolote. Mtoto aliyelala ndani ya chandarua katika kijiji cha kwanza bado yuko salama zaidi kuliko jirani yake, lakini kila jioni anapokaa jikoni kabla ya kulala huumwa na mbu wa kijiji chenye 66. Baba yake anayedai kuwa chandarua ni cha akina mama, au anayekitandaza juu ya kitalu cha miche, anamwongezea mtoto huyo mbu wazee.

Hapa ndipo hesabu inapokutana na desturi za ushirika. Mwanachama asiyelipa mchango wa chama hudhuru mfuko, lakini madhara huwaangukia wote kwa kiasi kidogo kidogo, kwa hiyo yeye haoni alichoharibu. Chandarua kilichofungwa kabatini ni hivyo hivyo.

YASIYOMO KATIKA HESABU

Modeli hueleza yatakayotokea ikiwa mambo fulani ni kweli. Mambo hayo yakibadilika, jibu nalo hubadilika. Mfano uliotolewa juu ulichukulia kwamba chandarua kinaua mara moja kati ya mbili. Katika sehemu nyingi za Tanzania mbu wamekuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi zinazotumika vyandaruani, na ndiyo maana siku hizi hutengenezwa vyandarua vyenye mchanganyiko wa kemikali nyingine. Chandarua kilichochanika au kilichofuliwa mara nyingi nacho hakiui tena kama kipya. Ikiwa kinaua mara moja kati ya tano tu badala ya mbili, basi katika kijiji ambacho nusu ya watu wanavyo, mbu 66 kati ya 100 watafika umri wa hatari. Yaani kijiji kilichofanya bidii kinarudi pale pale kilipokuwa kile chenye vyandarua kwa mmoja kati ya watano.

Tena kuna mbu wanaouma nje na mapema jioni. Wanaokesha misibani, wanaolinda mazao, na wanaokaa vilabuni mpaka usiku hawamo katika hesabu ya kitandani. Modeli nzuri huwaingiza. Ile rahisi iliyoelezwa hapa haiwaingizi.

Mambo mawili yanaweza kuhesabiwa na chama cha msingi chenyewe bila kungoja mtaalamu. La kwanza ni mahali pa kulala katika nyumba za wanachama, na pangapi kati ya hapo pana chandarua kilichotundikwa, si kilichogawiwa. Daftari za ugawaji huonyesha namba ya pili, na tofauti kati ya hizo mbili mara nyingi ni kubwa kuliko viongozi wanavyodhani. Anayehesabu aone chandarua kikining'inia, na aandike kama kimechanika. La pili ni safari za bondeni: ni wanachama wangapi walishuka Kyela mwezi uliopita, wangapi walilala huko, na wangapi kati yao waliugua homa baada ya kurudi.

Kwa chama chenye kaya 60, wajumbe watatu wanaweza kuimaliza kazi hiyo kwa siku mbili au tatu za jioni. Ikiwa kaya 60 zina mahali pa kulala 150 na vyandarua vizima vilivyotundikwa ni 48, kiwango ni asilimia 32, na kijiji kinakosa kidogo tu kuufikia mstari wa chini wa modeli ya Ifakara. Vyandarua 5 zaidi vinakivusha, na vyandarua 50 zaidi vinakifikisha asilimia 65. Karatasi yenye namba hizo, pamoja na orodha ya wasafiri waliougua, ipelekwe kwa mganga wa zahanati au ofisi ya afya ya wilaya Tukuyu kabla mvua kubwa hazijaanza, kwa kuwa mbu wanaozaliwa na mvua hizo huhitaji wiki chache tu ili wazeeke.